Ankara ya Mamlaka na Jasho la Fundi

Zamu ya wadogo imefika. Mamlaka ya Zaka, Kodi na Forodha ya Saudi Arabia ilianza Januari 2023 kuwaunganisha wafanyabiashara na mfumo wake wa ankara za kielektroniki, ikitanguliza makampuni yenye mapato ya zaidi ya riyali bilioni 3. Tangu hapo imeshuka kundi kwa kundi, hadi imemfikia mkandarasi mwenye pikapu moja, mashine moja ya kuchanganyia zege na mafundi wasiojaza basi dogo. Kundi la 24 ni la wale ambao mauzo yao yanayotozwa kodi yalipita riyali 375,000 katika mwaka wowote kati ya 2022, 2023 na 2024, nalo limepewa hadi tarehe 30 Juni 2026. Kiwango hicho ndicho kinachomlazimu mtu kujisajili kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kwa maneno mengine, aliyesajiliwa kwa lazima hana tena pa kujibanza.

Mimi hutunza hesabu za wakandarasi wadogo hapa Jeddah, na mara kwa mara kazi hunipeleka Riyadh, mwendo wa kilomita zipatazo 950. Miji yote miwili inajengwa usiku na mchana, na kote naulizwa swali lilelile: ninunue programu gani? Swali hilo lina majibu mengi na mengine ni ya bei nafuu. Lakini kuna swali linalolitangulia, na nadra kulisikia likiulizwa: je, kazi yako inaandikika? Ukiamka kesho ukaambiwa useme ni nani anakudai, ni nani unamdai, kiasi gani na tangu lini, utasema bila kubabaika?

Tuutazame mfumo wenyewe kwanza, maana watu wengi wanauogopa bila kuujua. Hatua yake ya kwanza ilianza tarehe 4 Desemba 2021. Ankara ya kuandikwa kwa mkono ikapigwa marufuku, na ile ya kuchapwa kompyuta kama barua ya kawaida ikakataliwa pia. Ankara ya mteja wa kawaida ikatakiwa iwe na msimbo wa QR unaobeba mambo matano: jina la muuzaji, nambari yake ya kodi, tarehe na saa, jumla ya malipo, na kiasi cha kodi kilichomo. Hatua ya pili ndiyo hii ya kuunganishwa. Mkandarasi akiifanyia kazi kampuni iliyosajiliwa, ankara yake hupita kwanza kwa Mamlaka ikathibitishwa, ndipo imfikie mteja. Akimfanyia kazi mwenye nyumba wa kawaida, anamkabidhi ankara hapohapo kisha anairipoti ndani ya saa 24. Kila ankara ina namba ya mfululizo isiyorudi nyuma, na inabeba alama ya ankara iliyoitangulia, kwa hiyo huwezi kuchomoa moja katikati na zilizobaki zikakaa kimya. Ukikosea bei, hufuti kitu. Unatoa hati ya kupunguza au kuongeza deni, inayoitaja ile ankara ya kwanza, na zote mbili zinabaki kwenye kumbukumbu.

Kanuni hiyo ya mwisho imenikaa moyoni. Kosa lisahihishwe hadharani, na alama ya kosa ibaki. Ugomvi mwingi nilioushuhudia katika kazi za ujenzi umetokana na kinyume chake: bei iliyobadilishwa kwa simu, siku za kibarua zilizokatwa kimyakimya, makubaliano ambayo kila upande unayakumbuka kwa namna inayoufaa.

Marehemu baba yangu alikuwa mwashi Tanga. Hesabu zake aliziandika kwa penseli ya seremala kwenye ukuta wa nyumba aliyokuwa akiijenga: mifuko ya saruji, tripu za mchanga, siku za kila kibarua, na fedha alizokwisha kupokea kwa mwenye nyumba. Zilikuwa safi na zimepangwa vizuri. Kisha plasta inapigwa, chokaa inapakwa, na hesabu zote zinazikwa ndani ya ukuta. Mwenye nyumba akija kusema kwamba fedha alizotoa ni nyingi kuliko zile, baba hakuwa na pa kuonyesha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baba alikuwa na daftari, ila lilikuwa ukuta wa mtu aliyedaiwa naye.

Nimeishi na jambo hilo tangu utotoni, na ndilo linalonifanya niutazame mfumo huu kwa jicho tofauti na la wenzangu wanaouona kuwa ni upelelezi wa serikali tu. Swali la msingi katika kila biashara ni nani anashika maandishi. Kwa miaka mingi, kampuni kubwa ndiyo iliyokuwa na karani, mhuri na faili, na mkandarasi mdogo alikuwa na kumbukumbu yake na simu isiyopokelewa. Leo ankara yake ikithibitishwa na Mamlaka, ina saa na dakika, na hakuna mhasibu wa ghorofa ya saba atakayemwambia kwamba haikutolewa au kwamba ilikuwa ya kiasi kingine. Ankara hiyo peke yake haimlipi mtu, lakini inamwondolea mdaiwa nafasi ya kukana.

Jambo hili si dogo katika nchi ambayo wajenzi wake wamewahi kuona majitu yakianguka. Saudi Oger, iliyokuwa miongoni mwa makampuni makubwa kabisa ya ujenzi nchini, ilifunga milango mwaka 2017 na kuwaacha maelfu ya wafanyakazi wakidai mishahara. Kampuni ya namna hiyo ikianguka, haianguki peke yake. Chini yake kuna mwenye kuweka mabomba, mwenye kupiga plasta, mwenye kukodisha majukwaa ya kupandia, na chini ya kila mmoja wao kuna mafundi na familia zao huko kwao.

Sasa tuingie kwenye fedha, maana watu wengi huumia hapo bila kuelewa kinachowaumiza. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza hapa Januari 2018 kwa asilimia 5, na tarehe 1 Julai 2020 ikapandishwa hadi asilimia 15. Uuzaji wa majengo uliondolewa kwenye kodi hiyo Oktoba 2020 na kuwekewa ushuru wake wa asilimia 5, lakini kazi ya kujenga na kukarabati ilibaki kwenye asilimia 15.

Nina mzee mmoja mkandarasi ambaye namwita ami, kwa sababu mama yake alilelewa Mombasa na Kiswahili chake ni cha Mji wa Kale. Alichukua kazi ya plasta na vigae katika jumba moja kaskazini mwa Riyadh kwa riyali 40,000. Ankara ikatoka kwa riyali 46,000, pamoja na kodi ya 6,000. Saruji na vigae alivinunua kwa riyali 10,000, na juu yake akalipa kodi ya 1,500. Kwa haki angepeleka Mamlaka riyali 4,500, yaani 6,000 alizopokea kutoa 1,500 alizokwisha kulipa. Nikaitazama karatasi aliyoniletea.

“Ami, risiti hii haina nambari ya kodi ya muuzaji.”

“Vifaa si vimefika, mwanangu?”

“Vimefika, ami. Lakini zile 1,500 tulizolipa juu yake hazitarudi.”

Akaipindua karatasi huku na huku, akaiweka mezani. “Basi kuanzia leo dereva asipakie kitu bila karatasi kamili.”

Agizo hilo lilimfaa kuliko programu yoyote ambayo ningemnunulia. Manunuzi yakifika riyali 1,000, risiti fupi ya dukani haitoshi. Dai ankara kamili yenye jina lako na nambari yako ya kodi, ile ya tarakimu 15 inayoanza na 3 na kuishia na 3. Kazi yetu hula mikono ya watu kuliko vifaa, na mshahara hauna kodi ya kurudishiwa. Anayepoteza hata zile karatasi chache za saruji na nondo anajikuta anapeleka karibu yote 15 kwa mia, kisha anailaumu nchi.

Jambo la pili ni kwamba zile riyali 6,000 za kodi hazikuwa zake tangu mwanzo. Zimepita mkononi mwake kama amana. Mkandarasi anayeziingiza kwenye mfuko mmoja na fedha za petroli, karo ya mtoto na mchango wa harusi atafika mwisho wa robo mwaka akiwa na deni asilolijua limetoka wapi, na kuchelewa kunatozwa asilimia 5 ya kodi hiyo kwa kila mwezi. Afungue akaunti ya pembeni, na kila malipo yakiingia, sehemu ya kodi ihamishwe siku hiyohiyo. Anayezoea kutoigusa fedha isiyo yake ana utajiri ambao benki haiwezi kuupima.

Jambo la tatu linawaliza wengi. Kwa kawaida kodi inahesabiwa tangu ankara inapotolewa, ilhali kampuni kubwa inaweza kukaa miezi bila kulipa, na sehemu fulani ikazuiwa kama dhamana hadi kazi ikaguliwe. Mdogo anajikuta anaipa serikali fedha ambazo yeye mwenyewe hajaziona. Sheria imeliona hilo: mwenye mauzo yasiyozidi riyali milioni 5 kwa mwaka anaweza kuomba ahesabiwe kwa fedha taslimu, yaani alipe kodi pale anapolipwa. Nimekutana na wakandarasi waliofanya kazi miaka bila kuisikia ruhusa hiyo. Ombeni. Haki isiyoombwa hulala.

Ndugu zangu wa Afrika Mashariki, kuna jambo ambalo itakuwa ni kuwasaliti nikilinyamazia. Baadhi yetu tumekuja kwa kile tunachokiita viza huru, tukajikuta tunaendesha kazi za ujenzi kwa jina la mwenyeji, tukimlipa kila mwezi kwa ajili ya jina lake. Hapa jambo hilo linaitwa tasattur. Sheria mpya dhidi yake ilipitishwa mwaka 2020, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka mitano na faini ya riyali milioni 5. Serikali ilitoa muhula wa kurekebisha hali hadi tarehe 16 Februari 2022, na muhula huo umekwisha. Katika mfumo wa sasa ankara ina jina la muasasa, yaani biashara iliyosajiliwa, fedha inaingia akaunti ya muasasa, na ni vigumu zaidi kuificha inapoondoka kuelekea kwa mtu mwingine. Lakini hata tuiweke sheria kando, mtazame huyo fundi: kazi ni yake, jasho ni lake, na maandishi yote yana jina la mwingine. Wakigombana, hana hata mstari mmoja wa kumtetea. Amerudi pale alipokuwa baba yangu, daftari lake ni ukuta wa mwenziwe. Njia halali zipo, ikiwemo usajili wa mwekezaji wa kigeni na ukaazi maalumu ulioanzishwa mwaka 2019. Ni ghali, na kwa wengi wetu haziwezekani. Basi ni bora mtu awe mwajiriwa mwenye mkataba ulioandikwa vizuri kuliko tajiri wa siri ambaye kila mlango ukigongwa moyo unamruka.

Wengine hunijibu kwamba sisi watu wa pwani na Bara Arabu tumefanya biashara kwa kauli karne nyingi, na ni kweli. Boriti za Lamu na Rufiji zilivuka bahari kwenda kuezeka nyumba za Arabuni na Ghuba kwa majahazi ya pepo za msimu. Mswahili wa Unguja akitembea Al-Balad, mji wa kale wa Jeddah ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2014, anaziona nyumba za matumbawe na roshani za mbao asihisi ugeni. Washihiri, yaani Wahadhrami tuliokua nao Mombasa na Lamu, wana binamu zao hapa. Mohammed bin Awad bin Laden mwenyewe alikuwa Mhadhrami aliyeanza na kazi za kibarua Jeddah kabla ya kuanzisha kampuni yake ya ujenzi mwaka 1931. Kwa mazoea hayo ya biashara ya kauli, ukimwambia ndugu au mtu wa kwenu “tuandikiane,” anakunja uso: “Kwani huniamini?”

Nawaomba wanaouliza hivyo warejee Sura ya Al-Baqara, aya ya 282. Ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani, na inahusu kuandika deni. Inawaagiza waumini, watu wanaotarajiwa kuaminiana, waandike deni liwe dogo au kubwa pamoja na muda wake, na wasichoke kuandika. Inamtaka mwandishi awe mwadilifu. Na inampa mdaiwa kazi ya kutamka anachodaiwa, ili ungamo litoke kinywani mwake. Mambo ya mali yakipewa nafasi pana kiasi hicho, ni wazi kwamba kuandikiana hakuuvunji undugu. Undugu mwingi umevunjika kwa kukosa maandishi.

Na aya hiyo haitofautishi deni la mkubwa na deni la mdogo. Hili ndilo linalonikosesha usingizi ninapowaandaa wakandarasi kwa mfumo mpya. Tunahangaika usiku kucha ili Mamlaka ipate ankara ndani ya saa 24, huku fundi aliyemwaga zege anaambiwa, “Nitakulipa kampuni ikinilipa.” Mishahara ya waajiriwa inafuatiliwa na serikali kupitia benki tangu mpango wa kulinda mishahara ulipoanza mwaka 2013, na mpango huo umesaidia sana. Lakini saa za ziada, posho ya safari na kazi za mkataba mdogo kwa mdogo bado hukaa kichwani mwa msimamizi. Mkandarasi analalamika kwamba wakubwa wanamdhulumu kwa kutomwandikia, kisha jioni anamfanyia fundi wake vilevile.

Nilimweleza ami fikra hiyo, akakubali tuijaribu. Kila mwisho wa mwezi, kabla mshahara haujapelekwa benki, kila fundi anapokea ujumbe kwenye simu: siku alizofanya kazi, saa za ziada, fedha alizochukua mbele, na salio. Mara ya kwanza fundi mmoja wa kumwaga zege alijibu usiku uleule: “Ami, shikamoo. Saa za ule usiku wa zege la paa hazimo.” Kiangazi zege humwagwa usiku kwa ajili ya joto, na kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba ni marufuku kufanya kazi juani tangu saa sita mchana hadi saa tisa, kwa hiyo kazi nyingi huhamia gizani ambako msimamizi amekwisha kulala. Ami aliuliza, akathibitisha, akatuma ujumbe wa pili wenye nyongeza. Ule wa kwanza hatukuufuta. Fundi yule ana zote mbili kwenye simu yake hadi leo, na ninaamini anajenga kwa moyo mwingine.

Wasomaji wa nyumbani wasidhani haya ni ya Uarabuni peke yake. Tanzania ilianza na mashine za risiti za kielektroniki mwaka 2010. Uganda iliingiza mfumo wake wa EFRIS Januari 2021. Nchini Kenya, tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa huko wa ankara za kielektroniki, inaweza kukataliwa katika hesabu za kodi ya mapato. Mwashi wa Tanga, Gulu au Malindi atafikiwa na wimbi hilihili, na anayejizoeza sasa atalipokea akiwa amesimama.

Kwa wale wa Riyadh na Jeddah wenye tarehe mbele yao, nashauri mpango huu. Hakikisha jina na nambari ya kodi vinalingana na cheti cha biashara, herufi kwa herufi. Kusanya nambari za kodi na anwani za wateja wako wote. Gawa kila mkataba kwa hatua, yaani msingi, nguzo, paa, plasta na rangi, ili kila hatua iwe na ankara yake na tarehe yake. Chagua programu inayotoa ankara kwa Kiarabu na iliyokwisha kuunganika na mfumo, uijaribu mapema. Siku ya kujiunga, utachukua nambari ya siri ya muda mfupi kwenye tovuti ya Mamlaka iitwayo Fatoora na kuiingiza kwenye programu hiyo, kazi ya dakika chache ikiwa mengine yako tayari. Piga picha kila karatasi siku uliyoipokea, na uzihifadhi kwa miaka sita isiyopungua.

Lakini kabla ya hayo yote, andika orodha ya watu. Usianze na unaowadai, maana hao huwezi kuwasahau. Anza na wanaokudai wewe: fundi wa vigae, dereva, kijana wa kubeba ndoo, muuza kokoto. Mtume alifundisha kwamba kibarua alipwe kabla jasho lake halijakauka, na mkandarasi anayeweza kutoa hesabu ya kila riyali kwa Mamlaka kabla siku haijaisha hana tena udhuru wa kusema kwamba hajui ni nani anayemdai malipo ya jasho lake. Orodha hiyo ikikamilika na wote waliomo wakaikubali, programu yoyote itakutosha.